Dawa katika begi la hujaji: Tahadhari kabla ya safari

Kila unapokaribia msimu wa Hijja, na hata katika miezi ya Umra, kamati za misikiti yetu hushughulika na maandalizi ya wasafiri. Tunaulizwa kuhusu pasi, viza, chanjo, ihramu na manasiki. Lipo hata hivyo jambo ambalo aghalabu huachwa mpaka usiku wa kufunga mabegi, nalo ni dawa. Wengi wanaojaaliwa safari hiyo ni wazee wetu, waliodunduliza nauli kwa miaka mingi, na ni nadra kumkuta mmoja wao asiyekuwa na dawa ya presha, kisukari, pumu au maumivu ya viungo.

Tumeona namna dawa hizo zinavyosafirishwa. Zahanati humpa mgonjwa vidonge ndani ya kibahasha kidogo, na juu yake pameandikwa kwa kalamu "1x2" au "1x3", bila jina la dawa wala la mgonjwa. Nyumbani kibahasha hicho kinatosha, kwani bibi anajua kuwa cheupe ni cha asubuhi na cha manjano ni cha usiku. Mbele ya ofisa wa forodha wa Jeddah au Madina, hakisemi lolote. Ofisa huyo anaona vidonge visivyo na jina, mikononi mwa mtu ambaye huenda hazungumzi Kiarabu wala Kiingereza.

Shida kubwa iko katika sheria. Dawa moja yaweza kuwa halali katika nchi na ikawa kosa la jinai katika nchi ya jirani. Tramadoli, ambayo madaktari huitoa kwa maumivu makali ya mgongo na baada ya upasuaji, ni mfano ulio wazi. Mwezi Oktoba 2017 mwanamke mmoja raia wa Uingereza alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Hurghada, Misri, akiwa na vidonge vya tramadoli karibu 300. Alieleza kuwa alimpelekea mwenzi wake aliyeumwa mgongo. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 3.

Tramadoli haiko peke yake. Kodeini, inayopatikana katika baadhi ya dawa za kikohozi na za maumivu, imo katika udhibiti huo. Diazepamu, wanayopewa wenye wasiwasi na wasiopata usingizi, imo pia. Fenobabitoni, ambayo wagonjwa wengi wa kifafa hapa kwetu wameitumia tangu utotoni, inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Hata pregabalini, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa kisukari kwa ganzi na kuwaka moto kwa miguu, imewekwa katika udhibiti kwenye baadhi ya nchi za Ghuba. Mama anayeimeza kila usiku hana habari kwamba dawa yake ya miguu imo katika daftari moja na dawa za kulevya.

Tunayasema haya kwa hadhari, kwa sababu hofu nayo ina madhara yake. Wapo wanaosikia habari za kukamatwa kwa wasafiri, wakaamua kuziacha dawa nyumbani na kusema kwamba wamemtegemea Allah. Mgonjwa wa kifafa anayeacha dawa ghafla yuko katika hatari ya degedege lisilokatika, ambalo laweza kumuua. Mwenye presha anayeacha vidonge vyake kisha akatembea katika jua la Makka anajiweka karibu na kiharusi. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria yetu, na uwezo uliowekwa kuwa sharti la Hijja hauishii kwenye nauli peke yake. Kutawakali hakuondoi wajibu wa kuchukua sababu.

Njia iliyo sawa ni kubeba dawa pamoja na ushahidi wake. Kwanza, msafiri aende kwa daktari wake mapema, angalau miezi miwili kabla ya safari, aombe barua yenye muhuri, iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kiarabu. Barua hiyo itaje jina lake kama lilivyo katika pasi, ugonjwa wake, na kila dawa kwa jina lake la asili, si la kibiashara, maana jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Itaje pia kipimo na idadi ya vidonge.

Pili, aombe dawa katika maboksi yake ya kiwandani, naye asizichanganye katika chupa moja ili kupunguza mzigo. Tatu, abebe kiasi cha siku za safari na akiba ndogo ya kuchelewa kwa ndege. Kwa dawa zinazodhibitiwa, nchi nyingi huruhusu matumizi yasiyozidi siku 30. Nne, ikiwa miongoni mwa dawa zake imo inayodhibitiwa, aombe kibali kabla ya kuondoka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Saudi Arabia hupokea maombi hayo kwa njia ya intaneti, na mamlaka za Falme za Kiarabu hufanya vivyo hivyo. Anayeunganisha ndege aulizie pia sheria za nchi anayopitia. Vijana wetu walio na simu na ujuzi wa lugha wana fursa ya kuwahudumia wazazi wao katika jambo hili.

Lipo pia suala la mizigo ya watu. Udugu wetu na jamaa walioko Maskati, Dubai na Jeddah ni wa kale, na mila ya kumpa msafiri kifurushi ni njema. Hata hivyo tuzingatie yaliyomfika mwanafunzi mmoja wa kike wa Nigeria. Mwezi Desemba 2018 alisafiri kutoka Kano pamoja na mama yake na dada yake kwenda Umra. Alikamatwa Madina kwa sababu begi lisilo lake, lililobandikwa jina lake, lilikutwa na tramadoli. Alibaki kizuizini mpaka mwishoni mwa Aprili 2019, alipoachiwa baada ya uchunguzi kubaini kuwapo kwa genge katika uwanja wa ndege lililokuwa likiwabandikia wasafiri mizigo ya haramu, na serikali yake kuingilia kati. Yeye hakupokea mzigo wa mtu. Ni vipi basi anayeupokea kwa mikono yake? Kukataa kubeba dawa ya mtu mwingine si kukata undugu. Msafiri na ahesabu mabegi yake, atunze vipande vyote vya stakabadhi, na asikubali jina lake libandikwe kwenye begi asilolijua.

Kisha joto. Katika Hijja ya 2024 kipimo katika Msikiti Mtukufu wa Makka kilifika nyuzi 51.8, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Insulini haivumilii hali hiyo. Iliyofunguliwa hukaa takribani wiki 4 mahali pasipozidi nyuzi 30; iliyogandishwa imeharibika na haifai tena. Kwa hiyo isiwekwe katika begi linaloingia tumboni mwa ndege, bali ibebwe mkononi ndani ya kifuko cha ubaridi. Dawa zote muhimu nazo zikae mkononi, kwani begi kubwa laweza kuchelewa. Siku za Mina, Arafa na Muzdalifa mizigo hubaki hotelini. Dozi za siku hizo zifungwe kiunoni katika mkanda ambao mahujaji wameuzoea.

Saa ya Makka na ya kwetu ni moja, hivyo ratiba ya dawa haibadiliki. Anayekwenda Omani huongeza saa 1, na India, wanakokwenda wengi kwa matibabu, saa 2 na nusu.

Tunaziomba kamati za misikiti na vikundi vya Hijja viingize somo hili katika semina zao, pamoja na daktari au mfamasia wa kulijibia maswali. Na leo usiku, kabla ya kulala, kila familia yenye msafiri imwombe mzee wake aonyeshe vibahasha vyake, wavisome pamoja. Kisichosomeka kirudishwe zahanati kiandikwe upya.

Tunamuomba Allah awatakabalie mahujaji wetu na awarudishe salama. Amin.