Hata Mnyamwezi Aligawana Mzigo



Wahenga walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Methali tunaijua, lakini ni wangapi tumeuliza Mnyamwezi mwenyewe alibeba kilo ngapi? Katika misafara ya karne ya 19, baina ya Tabora na Bagamoyo, mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kama kilo 30. Pembe ya ndovu ikiwa nzito mno, ilifungwa kwenye mti, ikabebwa na watu wawili.

Mimi sikukumbuka hayo siku nilipoamua kupandisha friji ghorofa ya pili peke yangu. Vijana wa mkokoteni walitaja bei, nikaona wananiibia. Nikaisukuma kutoka chini, ngazi moja baada ya nyingine. Kwenye kona ikanilemea. Nikabaki nimeikinga kwa kifua, kupanda siwezi, kushuka siwezi, napiga kelele kama mtoto.

Kosa langu lilikuwa wapi? Friji ya milango miwili huwa na kilo 60 hadi 80. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Basi nilikuwa napambana na ndoo tatu au nne kwa mpigo, tena zisizo na mshikio. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, katika kanuni yake iliyorekebishwa mwaka 1991, ilipendekeza mtu asiinue zaidi ya kilo 23, hata mzigo ukiwa karibu kabisa na mwili. Ukiusogeza mbali na kifua, mgongo unaumia zaidi. Na kwenye ngazi, friji ikilala, sehemu kubwa ya uzito humwangukia aliye chini. Ikiteleza, hana pa kukimbilia.

Je, mtu peke yake hawezi lolote? Anaweza, mahali palipo tambarare. Kwanza pima mlango wa nyumba, usije ukakwama kizingitini. Toa vyakula na vioo vya ndani, kisha funga milango ya friji kwa kamba. Tandika blanketi kuukuu chini yake, ivute polepole sakafuni. Ukifika kwenye ngazi, simama. Hapo ita watu.

Ikifika juu, usiwe na pupa ya kuiwasha. Kama ililazwa njiani, mafuta ya kompresa huenda yameingia kwenye mabomba. Isimamishe saa kadhaa yarudi mahali pake, vinginevyo mashine inaweza kufa siku hiyo hiyo.

Waliokuja kuniokoa ni vijana wale wale wa mkokoteni. Niliwalipa bei ile ile, na juu yake nikanunua dawa ya kuchua mgongo. Kumbe ya kwanza ndiyo iliyokuwa nafuu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.