Mwalimu Asiyeuona Mkono wa Mwanafunzi

Daktari wa mifugo anayepima mimba ya ng'ombe kwa mkono huvaa glavu ndefu inayofika begani, akaupitisha mkono kwenye njia ya haja kubwa, kisha akaanza kutafuta. Anavyovitafuta vyote viko upande wa pili wa ukuta wa utumbo: shingo ya kizazi, pembe mbili za mfuko wa uzazi, ovari. Mimba ikiwa changa, pembe moja huwa imenenepa kidogo kuliko mwenzake na ndani yake mna majimaji. Macho hayana kazi hapo. Sasa mweke mwanafunzi mahali pa daktari, na mwalimu pembeni. Mwalimu anauliza, "Umeipata?" Mwanafunzi anajibu, "Nadhani." Somo linakwama papo hapo, kwa kuwa huyu hajui alichokishika na yule hawezi kuuona mkono uliokishika. Ng'ombe naye anavumilia, au anarusha teke.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Sarah Baillie, daktari wa mifugo wa Uingereza aliyekuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alilitafutia tatizo hilo dawa. Alitengeneza kifaa kinachojulikana kwa jina la Haptic Cow. Ukikitazama kwa nje ni nusu ya nyuma ya ng'ombe wa faibaglasi, tena mtupu, hana utumbo wala kizazi. Ndani yake kuna mkono mdogo wa roboti uitwao PHANToM, uliobuniwa katika chuo cha MIT mapema miaka ya 1990 na Thomas Massie pamoja na Kenneth Salisbury.

Mwanafunzi huingiza mkono na kuvika kidole cha kati subana iliyo kwenye ncha ya roboti. Kuanzia hapo kompyuta inajua kidole kiko wapi, kwa usahihi wa chini ya milimita moja. Kwenye kumbukumbu yake imehifadhi umbo la viungo vyote vya uzazi, na kila kiungo kimepewa ugumu wake. Kidole kikisogea mahali ambapo mfuko wa uzazi ungekuwa, mota zinakisukuma nyuma: kikizidi kuzama, zinazidi kusukuma. Pale penye mfupa wa nyonga msukumo ni mkali na wa ghafla, penye mimba ni laini na unaonesa. Mwanafunzi anagusa hewa tupu, lakini misuli yake inamwambia amegusa kitu.

Hesabu hiyo hurudiwa takribani mara 1,000 kwa sekunde. Sinema huyatosheleza macho kwa picha 24 tu katika sekunde hiyo hiyo, ila mguso haukubali kudanganywa kirahisi hivyo. Mota zikichelewa, mfupa hugeuka kitu cha kutetemeka chini ya kidole, na imani yote ya mwanafunzi hupotea.

Watu wengi wanaosikia habari za mashine hizi huvutiwa na hizo mota. Mimi naona lililo kubwa ni skrini. Mwanafunzi haioni, na hapaswi kuiona. Mwalimu ndiye anayeitazama, na kwenye skrini yuko ng'ombe anayeonekana hadi ndani na kidole kinachotembea humo. Anaweza kusema, "Umepita juu yake, rudi kushoto, shuka." Anaweza pia kubadilisha ng'ombe kwa kubofya: huyu hana mimba, huyu anayo. Wanafunzi waliofundishwa kwa kifaa hiki walipopelekwa kwa ng'ombe halisi kwa mara ya kwanza, waliupata mfuko wa uzazi vizuri kuliko wenzao waliopata mafunzo ya kawaida pekee. Baadaye Baillie alitengeneza na farasi, na kwa farasi faida ni kubwa zaidi, kwani ukuta wa utumbo wake ukichanika kwa mkono wa mpimaji, mara nyingi mnyama hufa.

Kasoro zipo. Kidole kimoja si mkono mzima: daktari hukusanya, hukunja, hubana utando wa mimba katikati ya dole gumba na vidole, na subana moja haiwezi hayo. Halafu kuna bei.

Ndiyo maana napenda zaidi tawi la pili la teknolojia hii, lisilosukuma chochote. Carla Pugh, daktari wa upasuaji wa Marekani, alichukua sanamu ya kawaida ya nyonga ya mwanamke akatandaza vihisio vya mgandamizo ndani yake. Kompyuta ikawa inaonyesha mwanafunzi amegusa wapi na kwa nguvu kiasi gani. Kisha yeye na wenzake wakahamia kwenye upimaji wa matiti, na safari hii waliopimwa ni madaktari walio kazini, zaidi ya 500. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: hadi asilimia 15 walikuwa wakibonyeza kwa nguvu ndogo kiasi cha kuweza kukosa uvimbe ulio karibu na ukuta wa kifua. Hawa ni watu wenye vyeti na uzoefu. Hakuna mtihani wa maandishi ambao ungewagundua.

Wazo lenyewe la kuufundisha mkono kwa sanamu si geni. Mkunga Angélique du Coudray alizunguka Ufaransa katika karne ya 18, kwa kibali cha Mfalme Louis XV, akiwafundisha wanawake wa vijijini kuzalisha kwa sanamu ya kitambaa iliyojazwa pamba, yenye kamba za kukaza na kulegeza njia ya mtoto. Sanamu yake moja ingali katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Leo wakunga wa Tanzania, wakiwemo wa Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, wamefunzwa kwa MamaNatalie, kifaa ambacho mkufunzi hujifunga tumboni na kuigiza mama anayejifungua. Damu ya bandia ikianza kutoka, mkufunzi ndiye anayeamua mfuko wa uzazi uwe mlegevu au ukaze chini ya mkono wa mkunga. Hakina mota hata moja, na mkufunzi anajua mkono umebonyeza wapi kwa sababu umebonyeza tumboni kwake.

Chuo chenye bajeti finyu kikiniuliza kinunue nini, sitaanza na roboti. Nitauliza kwanza kama kifaa kinamwonyesha mwalimu mahali mkono ulipo na nguvu unayotumia. Sanamu ya silikoni yenye vihisio vichache inaweza kulitimiza hilo. Sanamu nzuri isiyoonyesha chochote inamrudisha mwanafunzi kwenye "nadhani". Na hata ile bora haisikii maumivu. Kwa hilo vyuo kadhaa vya Marekani na Uingereza huwaajiri wanawake waliofunzwa, ambao hupimwa na wanafunzi huku wakiwaelekeza: hapo ndipo, punguza nguvu, hapo umeniumiza.