Chanjo mbili, mizani tofauti

MWISHONI mwa mwaka wa 2020, matokeo ya chanjo mbili za Covid-19 yalitangazwa. Ile ya Pfizer na BioNTech ilikinga kwa kiwango cha asilimia 95, nayo ya Moderna asilimia 94.1. Takwimu zilikaribiana mno, lakini mizani iliyotumiwa haikuwa moja.

Katika jaribio la Pfizer, watu 8 waliochanjwa waliugua, ikilinganishwa na 162 waliodungwa maji ya chumvi. Kwa Moderna, waliougua walikuwa 11 dhidi ya 185.

Kwa kuwa jaribio haliwezi kuhusisha kila mtu, wataalamu huuwekea ukweli mipaka. Pfizer iliiweka kati ya asilimia 90.3 na 97.6, nayo Moderna kati ya 89.3 na 96.8. Maana ya mipaka hiyo ndiyo huwatenganisha wanatakwimu.

Pfizer ilifuata mkondo wa Thomas Bayes, kasisi Mwingereza ambaye makala yake yalichapishwa mwaka wa 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Kwa mkondo huu, mtafiti huanza na dhana ya awali, kisha huirekebisha kwa ushahidi. Hivyo anaweza kutamka kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa ukweli umo ndani ya mipaka yake.

Moderna ilitumia mkondo wa marudio, uliojengwa katika karne ya 20 na akina Ronald Fisher na Jerzy Neyman. Hapa ukweli haubadiliki. Kinachobadilika ni mipaka. Jaribio likirudiwa mara 100, mipaka ya majaribio takriban 95 itaunasa ukweli. Iwapo huu uliopo mkononi umeunasa, mkondo huo hausemi.

Kila upande una lawama zake. Wapinzani wa Bayes hudai kuwa dhana ya awali yaweza kuelemea upande autakao mtafiti. Wafuasi wake nao hujibu kuwa mkondo wa marudio haujibu swali ambalo mgonjwa anauliza.

Ushahidi ukiwa mwingi, kama ulivyokuwa mwaka huo, mikondo hiyo hufika karibu mahali pamoja. Ukiwa haba, mathalani katika maradhi yanayowapata watu wachache, dhana ya awali huwa na uzito mkubwa. Hapo ndipo msomaji wa takwimu anapopaswa kuuliza: dhana hiyo ilitoka wapi?