Soma herufi za daluga kabla goti halijalipa

Jumamosi asubuhi kwenye mitumba ya Karume, Ilala, daluga zimepangwa juu ya turubai mbili mbili kama mafungu ya nyanya. Kijana mwenye mechi ya ndondo jioni anafika, anaangalia rangi, anaangalia nembo, anauliza namba. Muuzaji anamwambia hizi ndizo anazovaa Mbappé. Anajaribu mguu mmoja, anaruka ruka pale pale, bei inashuka kidogo, biashara imeisha.

Kitu kimoja hakuna aliyekiangalia. Kwenye lebo ndani ya ulimi, kwenye soli au kwenye boksi huwa kuna herufi mbili: FG, SG, AG au TF. Herufi hizo ndizo zinazosema daluga ilitengenezwa kwa uwanja wa aina gani. Rangi na jina la staa havisemi lolote kuhusu uwanja.

BERN, 1954

Anayedhani meno ya daluga ni jambo dogo arudi kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya Julai 4, 1954, mjini Bern, Uswisi. Hungary ya Ferenc Puskás ilikuwa haijafungwa tangu mwaka 1950. Kwenye makundi ilikuwa imeshaichapa Ujerumani Magharibi mabao 8-3. Siku ya fainali, dakika nane tu, ubao ukasoma 2-0.

Lakini mvua ilikuwa inanyesha na uwanja umelowa. Wajerumani walikuwa na fundi viatu Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, na daluga nyepesi ambazo meno yake yalifungwa kwa skrubu. Uwanja ukilowa, unafungua meno mafupi, unafunga marefu. Wajerumani walisawazisha kabla ya dakika ya 20, na dakika ya 84 Helmut Rahn akafunga la ushindi, 3-2. Hadi leo kwao mechi hiyo inaitwa Muujiza wa Bern.

Daluga hazikufunga bao, aliyefunga ni Rahn. Ila alisimama imara kwenye tope akiwa amevaa meno ya tope.

HERUFI ZINASEMAJE

FG ni za nyasi asilia kwenye ardhi iliyoshikana, kavu au yenye unyevu kidogo. Meno yake hayafunguki, na mara nyingi huwa 10 hadi 14. Ndizo zilizojaa zaidi sokoni, ndiyo maana watu wengi wanazivaa bila kujua kuna nyingine. Kwa uwanja kama wa Benjamin Mkapa, hapo ni kwake.

SG ni za uwanja laini uliolowa. Meno ni machache, kwa kawaida sita, marefu, mengi yakiwa ya chuma na yanafunguliwa kwa skrubu, yaani ukoo ule ule wa Bern. Ukizivaa kwenye udongo mkavu unatembea kama uko juu ya misumari.

AG ni za nyasi bandia, zile za Kaitaba pale Bukoba au Nyamagana jijini Mwanza. Meno ni mengi zaidi, mafupi, ya mviringo, na mara nyingi yana uwazi katikati. Kazi yake ni kugawa uzito kwenye unyayo mzima na kuachia haraka mchezaji anapogeuka.

TF hazina meno marefu kabisa. Soli imejaa vijipira vidogo vidogo. Zilitengenezwa kwa nyasi bandia za zamani zenye unyoya mfupi, lakini kwa mchezaji wa Bongo zina kazi ya pili: ni rafiki mkubwa wa uwanja wa udongo mgumu.

IC au IN ni soli bapa, za ukumbini na kwenye sakafu. MG ni za viwanja mchanganyiko. HG ni za ardhi ngumu, huonekana kwa nadra, lakini ukizikuta na unacheza mchangani usizipite.

Kwenye mitumba, lebo ikiwa imefutika, geuza kiatu usome meno yenyewe. Machache na marefu ni tope, mengi na mafupi ni nyasi bandia au udongo. Yakiwa katikati ya hapo, na hasa yakiwa bapa kama visu, ni ya nyasi asilia.

GOTI LINAINGIAJE

Meno yana kazi mbili zinazopingana. Yanatakiwa yashike ardhi mchezaji anapokimbia, na yanatakiwa yaachie anapogeuka. Yasiposhika, anateleza. Yasipoachia, mguu unabaki pale pale huku mwili umeshageuka, na kinachobaki kubeba mzunguko huo ni goti na kifundo cha mguu.

Mashabiki wameshaona tukio hilo mara nyingi. Winga anakata ndani, hakuna aliyemgusa, ghafla yuko chini ameshika goti na wenzake wanamwita daktari. Kano ya mbele ya goti, ile ambayo magazeti huiandika ACL, mara nyingi hukatika bila kugongwa na mtu. Sababu ni nyingi, zikiwemo uchovu, misuli dhaifu na namna ya kutua. Kiatu hakibebi lawama yote. Lakini katika orodha hiyo, kiatu ndicho ambacho mchezaji anaweza kukibadilisha leo hii.

Meno bapa ya FG hushika sana kwenye nyasi bandia, kwa sababu zulia halichaniki kama nyasi inavyochanika. Hata watengenezaji wanalijua hilo. Ukivunja meno ya FG kwenye nyasi bandia, usishangae dhamana ikikataliwa.

Kwenye udongo mkavu tatizo hugeuka. Meno marefu hayazami, hivyo uzito wote unakaa juu ya ncha chache. Ndipo unapomsikia mtoto wa miaka 11 akilalamika kisigino baada ya kila mazoezi, na mzazi anadhani ni uvivu. Kabla ya kumgombeza, mzazi ageuze daluga aangalie meno.

JINA MOJA, MADARAJA MANNE

Mtego mwingine uko kwenye jina. Mercurial si kiatu kimoja. Nike huuza jina hilo kwa madaraja: Elite juu kabisa, kisha Pro, Academy na Club. Elite ndiyo inayovaliwa na mastaa. Club ina rangi ile ile na alama ile ile, lakini malighafi na soli ni vitu tofauti, na bei vilevile. Adidas kwa miaka mingi ilitumia namba baada ya nukta: .1 ya juu, .4 ya chini.

Daraja la chini si ubaya. Kwa kijana anayecheza mchangani, Academy yenye soli ya MG inaweza kumfaa kuliko Elite ya FG. Ubaya ni kulipa bei ya Elite ukapewa Club. Neno la daraja huandikwa kwenye lebo au boksi, lisome kabla hujatoa hela.

Sehemu ya juu nayo ina lugha yake. Ngozi halisi, kama ya Copa Mundial ambayo Adidas imekuwa ikiitengeneza tangu 1979, hutanuka na kufuata umbo la mguu. Mwenye mguu mpana huipenda kwa hilo, ila ikilowa huwa nzito na inataka kutunzwa. Zile za kutengenezwa kiwandani ni nyepesi na hazinywi maji sana, lakini zikikubana siku ya kwanza usitegemee zitakuachia baadaye.

NAMBA 42 SI MOJA

Namba 42 ya Nike ni 7.5 kwa vipimo vya Uingereza. Namba 42 ya Adidas ni 8 kwa vipimo hivyo hivyo. Mguu ni ule ule. Kwa hiyo anayeagiza mtandaoni asiamini namba peke yake, apime mguu kwa sentimita.

Njia ni rahisi. Simama juu ya karatasi ukiwa umevaa soksi za mechi, chora mguu, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Fanya jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana. Pima miguu yote miwili, kisha fuata mkubwa. Ukivaa, mbele ya kidole ibaki nafasi ndogo, kama nusu sentimita, na kisigino kisipande unapotembea.

Kwa za mitumba kuna ukaguzi wa ziada. Kunja kiatu: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjikia katikati ya unyayo, kiache. Angalia kama meno yamelika upande mmoja, maana utarithi mwendo wa mwenye nacho wa kwanza. Bonyeza ukingo wa soli uone kama gundi imeachia.

Mwisho, muuzaji akikuuliza unatafuta ya nani, mjibu unacheza wapi. Kama ni udongo wa shule ya jirani, mwambie akutolee TF zote alizonazo, hata zile zilizokaa chini ya fungu ambazo hakuna aliyeziulizia tangu asubuhi.