Tuzo za Sembène Ousmane na suala la lugha ya sinema

Jina la Sembène Ousmane linapotajwa madarasani mwetu, aghalabu huandamana na orodha: Carthage 1966, Venice 1968, Venice tena 1988, Cannes 2004. Wanafunzi huinakili orodha hiyo kama wanavyonakili miaka ya utawala wa wafalme wa kale, kisha hufunga madaftari. Makala haya yananuia kuyafungua tena na kuuliza swali ambalo mwanaisimu hana budi kuliuliza: filamu hizo zilizotuzwa zilisema kwa lugha gani, na lugha hiyo ilichaguliwa na nani?

Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, kusini mwa Senegali. Hakukaa sana shuleni. Alifanya kazi za mikono, akatumikia jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akawa kuli wa bandari huko Marseille. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Lakini kadiri jina lake la uandishi lilivyokua, ndivyo alivyozidi kuona kwamba makuli, wavuvi na wauza samaki aliokuwa akiwaandika hawakuweza kumsoma. Basi, akiwa na umri wa karibu miaka arobaini, alikwenda Moscow kujifunza sinema kwa Mark Donskoy katika studio ya Gorky. Sinema, kwa maoni yake, ilikuwa shule ya jioni ya watu wazima.

Tungetarajia, kwa hiyo, kwamba filamu zake za kwanza zingesema Kiwolofu. Sivyo ilivyokuwa. Borom Sarret (1963), filamu ya dakika ishirini hivi juu ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar, ina jina la Kiwolofu, lakini mawazo ya mwenye mkokoteni huyo tunayasikia kwa Kifaransa. (Hata jina lenyewe si la Kiwolofu kitupu: borom ni mwenyewe, na sarret ni neno la Kifaransa charrette lililovalishwa matamshi ya nchi.) La Noire de... ya mwaka 1966 inashangaza zaidi. Diouana, msichana wa Dakar aliyechukuliwa na waajiri wake hadi kusini mwa Ufaransa, hajui kusoma wala kuandika. Naye anawaza moyoni kwa Kifaransa safi kabisa. Sauti tuisikiayo si ya Mbissine Thérèse Diop aliyemwigiza, bali ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Kinywa ni cha Senegali, sauti ni ya ng'ambo ya bahari. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa, na mwaka huohuo ikapewa Tanit ya dhahabu katika tamasha la kwanza la Carthage, nchini Tunisia. Yaani tuzo zilizomfanya ajulikane duniani alizipata kwa filamu ambayo ndani yake lugha ya watu wake haikupewa nafasi ya kuwaza.

Hapa ndipo umuhimu wa Mandabi (1968) unapoonekana. Fedha za kuitengeneza zilitoka kwa sehemu kubwa katika mfuko wa serikali ya Ufaransa wa kusaidia sinema, na mfuko huo haukutoa fedha bila sharti: filamu iwe na toleo la Kifaransa. Sembène alikubali, kisha akapiga picha matoleo mawili, waigizaji walewale wakirudia maonyesho yaleyale, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiwolofu. Toleo linaloonyeshwa hadi leo ni lile la Kiwolofu.

Kisa chenyewe ni kisa cha lugha. Ibrahima Dieng, mzee wa mtaani Dakar, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Ili alipwe, anahitaji kitambulisho; ili apate kitambulisho, anahitaji cheti cha kuzaliwa; na kila dirisha analolifikia lina karani anayejibu kwa Kifaransa na kwa dharau. Mtu aliyewahi kupanga foleni mbele ya ofisi yoyote ya nchi yetu akiwa na karatasi isiyotimia hahitaji kuelezwa. Nalo jina la filamu ni somo la sarufi peke yake. Mandabi ni neno la Kifaransa mandat pamoja na bi, kibainishi cha ngeli katika Kiwolofu, ambacho hufuata nomino badala ya kuitangulia kama viambishi vyetu vya ngeli. Dieng anashindwa kuikomboa hawala yake. Lugha yake imekwisha kulikomboa neno.

Filamu hiyo ilituzwa huko Venice. Tusijidanganye juu ya maana ya tuzo hiyo. Waamuzi waliketi wakisoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Hawakukipa tuzo Kiwolofu, ambacho hawakukisikia ila kama muziki. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba tuzo ile ilifanya kazi ambayo waamuzi hawakuikusudia. Kabla yake, msambazaji wa filamu aliweza kumwambia Mwafrika kwamba filamu isiyo ya Kifaransa au Kiingereza haitatoka nje ya mtaa wake. Baada yake, hoja hiyo ilikosa mguu wa kusimamia. Tangu hapo Sembène hakurudi nyuma: Emitaï (1971) inasema Kidiola cha Casamance, na mwaka huohuo wa 1971 yeye na mwanaisimu Pathé Diagne walianzisha Kaddu, gazeti la Kiwolofu.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi kuliko Venice. Filamu Ceddo (1977), inayosimulia jinsi watu wa kale walivyokataa kulazimishwa dini, katika siku ambazo wenzao walikuwa wakiuzwa utumwani, ilizuiwa nchini Senegali. Sababu iliyotolewa na serikali ya Rais Senghor, naye mshairi na mjuzi wa sarufi, ilikuwa ya tahajia: amri ya serikali ilitaka neno hilo liandikwe kwa d moja, na Sembène aliandika mbili. Hakukubali kuifuta d yake. Filamu haikuonyeshwa hadharani Senegali mpaka baada ya Senghor kuondoka madarakani mwishoni mwa mwaka 1980. Wengi wameamini kwamba tahajia ilikuwa kisingizio tu na kwamba serikali iliogopa yaliyomo, nami naamini hivyo. Lakini tusiharakishe kucheka. Katika Kiswahili kurudufu konsonanti namna hiyo hakuna maana. Katika Kiwolofu kunaweza kutenganisha neno na neno. Sembène alikuwa akitetea pia jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fonolojia angelielewa.

Camp de Thiaroye, aliyoitengeneza pamoja na Thierno Faty Sow, inakumbusha tarehe 1 Desemba 1944, pale jeshi la Ufaransa lilipowapiga risasi askari wa Kiafrika waliorudi kutoka vitani na kudai malipo yao. Fedha zake zilitoka Senegali, Algeria na Tunisia. Mwaka 1988 ilipata tuzo kuu maalumu ya waamuzi huko Venice. Kwetu sisi wa Lubumbashi, kinachogusa ni jinsi askari hao, waliotoka makoloni mbalimbali, wanavyozungumza wao kwa wao Kifaransa cha kambini, kilichovunjwa na kuundwa upya, bila mtengenezaji kukisahihisha hata kidogo. Kiswahili chetu cha mjini nacho kilikulia katika kambi za wafanyakazi wa migodi, na hadi leo tunakipiga mistari ya wino mwekundu.

Tuzo ya Cannes aliipata mwaka 2004 kwa Moolaadé, katika sehemu iitwayo Un Certain Regard. Alikuwa na miaka 81, na ilikuwa imepita miaka 37 tangu aketi mwenyewe miongoni mwa waamuzi wa tamasha hilo. Filamu inamhusu mwanamke anayewapa hifadhi wasichana wanaokimbia tohara. Ilipigwa picha Burkina Faso na inasema Kibambara, si Kiwolofu. Mzee alichagua lugha inayosemwa na watu wa aina ile ya kijiji, hata kama haikuwa lugha ya kwao. Alifariki Dakar mwezi wa Juni 2007.

Farasi wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la FESPACO la Ouagadougou, hakuwahi kuipata, ijapokuwa alikuwa mmoja wa waliolijenga tamasha hilo tangu mwanzo. Sisi Wakongo tulimpata farasi huyo mwaka 1999 kupitia Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, kwa filamu yake Pièces d'identités, juu ya mfalme mzee anayemtafuta binti yake mjini Brussels. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila filamu hiyo inasema hasa Kifaransa, na Bukavu ni mji wa Kiswahili.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kuandika kwa Kiswahili maneno ya kuwekwa chini ya picha za Mandabi, katika sehemu ile ya Dieng na karani wa posta. Nusu yao waliandika hawala kwa Kiswahili sanifu. Nusu nyingine waliacha mandat, wakaandika mandat yangu, mandat zile, wakiliingiza katika ngeli ya tisa na ya kumi bila kusita. Mwenzangu mmoja wa idara alitaka kundi la pili lipunguziwe alama. Nilikataa, na mjadala huo haujaisha.