Sauti ya James Earl Jones
Wapo wanaodai kuigiza kwa sauti ni nusu ya kazi, kwani anayetoka jasho ni mwingine. Kweli, katika Star Wars ya 1977 aliyevaa vazi jeusi la Darth Vader ni David Prowse, na Jones, mwigizaji aliyempa sauti, mwenyewe hakutaka jina lake liandikwe. Lakini sauti ile nzito haikuokotwa njiani. Utotoni kigugumizi kilimnyamazisha kwa miaka, hadi mwalimu alipomtaka asome shairi lake mbele ya darasa. Jukwaani, kwa mwili wake mzima, alishinda tuzo ya Tony mwaka 1969 kwa The Great White Hope. Mufasa, simba wa filamu ya katuni ya 1994, ni mchoro tu. Anayewaliza watoto ni Jones. Hiyo ni kazi kamili.