Roboti ya Papa: Watoto Wasiguse

Ndugu musomaji, wewe uliyekomalia ndani ya kampu ya wafanyakazi, bila shaka umekwisha kutengeneza motokari ya waya. Unaokota waya, unaukunja, magurudumu unayakata ku sandali ya zamani ao unatumia vifuniko vya mikebe, na usukani unaupandisha ku fimbo ndefu ili uendeshe ukitembea. Ikivunjika haulii sana: unakunja tena. Basi, nikikuambia kwamba kuna papa wa miaka 45, mwenye bibi na watoto, mwenye kazi nzuri, anayetoa mshahara wa siku nyingi kwa kununua kamio ya kuchezea, utasema nini?

Wako wengi, zaidi huko Japani na Marekani. Lakini kamio yenyewe si kamio tu. Unavuta hapa, unageuza pale, miguu inatoka nyuma, kichwa kinapanda kutoka ndani ya kifua, na kisha dakika kumi hivi uko na mutu wa chuma anayesimama juu ya meza. Zile roboti njo zinaitwa Transformers. Usicheke mbio. Tuangalie kwanza zilitoka wapi, juu bila hadithi hiyo hautafahamu namna gani mutu mukubwa anafika pale.

Mwaka wa 1980 kampuni ya Takara ya Japani ilianza kuuza mashini za kugeuka zilizoitwa Diaclone. Ndani ya kila moja mulikaa dereva mudogo sana, mwenye sumaku ku miguu ili asianguke. Mwaka wa 1983 ikaongeza Micro Change: hizi zilikuwa vitu vya nyumbani, kama vile redio ya kaseti, kaseti yenyewe, bastola, ambavyo vyote vinageuka mutu. Mwaka wa 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikazichukua zote mbili, ikazichanganya chini ya jina moja. Dereva wakamutoa. Na hapo njo siri ya mambo yote, naona mimi: hakuna tena mutu anayeongoza mashini, mashini yenyewe imekuwa mutu. Bob Budiansky, muandishi wa Marvel, akapewa kazi ya kubuni majina yao mengi na tabia ya kila mumoja, na tabia hizo zikapigwa chapa nyuma ya karatoni. Mutoto aliyenunua kamio alinunua pia rafiki ao adui.

Mukubwa wao aliitwa Optimus Prime, ile kamio nyekundu. Ku televizyo, sauti yake ilitolewa na Peter Cullen, mutu wa Kanada. Yeye mwenyewe amekwisha kueleza mara nyingi kwamba alipokwenda kujaribiwa kwa kazi ile, alifuata sauti ya kaka yake mukubwa, askari aliyepigana vita ya Vietnam: sauti ya mutu mwenye nguvu asiyepiga kelele. Watoto waliisikia kila mara baada ya masomo. Wengine papa yao hakuwa nyumbani saa hiyo.

Kisha, Agosti 1986, filamu ikatoka ndani ya sinema, na Optimus Prime akafa. Si kwamba alianguka akasimama tena: alilala juu ya kitanda, rangi yake ikageuka ya majivu, ikaisha. Watoto wakalia ndani ya sinema, wazazi hawakujua la kuwaambia. Sababu ilikuwa nini? Ilikuwa biashara. Michezo ya mwaka wa 1984 ilipaswa kutoka ku magazini, mipya iingie, basi wazee wakauawa ili wapya wapate nafasi. Mutoto wa miaka minane alikuwa anaomboleza, na wakubwa walikuwa wanahesabu karatoni. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka mwaka wa 1987 akafufuliwa ku televizyo, lakini kidonda kilibaki.

Sasa hesabu mwenyewe: mutoto aliyekuwa na miaka minane mwaka ule, mwaka wa 2003 alikuwa na miaka ngapi? Ishirini na mitano. Alikuwa na mshahara. Na mwaka ule wa 2003 Takara ilianzisha Masterpiece, roboti za kugeuka zilizotengenezwa kwa ajili ya wale watoto waliokomaa. Bandai ilikuwa imekwisha kuonyesha njia tangu mwaka wa 1997, ilipotoa upya, kwa watu wazima, roboti nzito za Chogokin ambazo wajapani walizipenda tangu 1974.

Ya kwanza ya Masterpiece ilikuwa nani? Optimus Prime, ambaye Japani wanamuita Convoy. Tofauti na ile ya 1984 ilikuwa kubwa. Ile ya zamani ilikuwa kamio nzuri lakini mutu mugumu: kichwa hakigeuki, kiuno hakigeuki, miguu iko kama tofali mbili. Ilipaswa kuwa hivyo, juu mutoto angeigeuza mara mia kwa siku na kuiangusha ku ngazi. Ile mupya ilifika karibu sentimetre 30, ilikuwa na chuma nyingi, vidole vyake vinakunjwa, magoti yanakunjwa, hata magurudumu yako na resori.

Kuna kisa kimoja kinanichekesha. Ku ile kamio kuna dohani mbili ndefu za moshi, moja kila upande. Japani zikauzwa ndefu, namna zinavyopaswa. Lakini Hasbro ilipoiuza Marekani mwaka wa 2004, iliiuza kama kitu cha watoto, na sheria za usalama haziruhusu vitu vinavyochomoka hivyo, mutoto asitoboe jicho. Wakazikata fupi. Wanaume wazima wakakasirika kwa ajili ya vipande viwili vya plastiki, wengine wakaagiza ile ya Japani kwa bei ya juu. Ku karatoni za Japani za namna hii utaona kumeandikwa: miaka 15 na kupita.

Ninyi watu wa madini, mutauliza chuma gani. Ni zinki, ile ile ambayo shimo la Kipushi lilitoa mpaka liliposimama mwaka wa 1993, na ambayo limeanza kuitoa tena mwaka wa 2024. Kwa vitu vya kuchezea wanaichanganya na aluminyumu kidogo, karibu 4 kwa mia, wanaiyeyusha na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu. Zinki inayeyuka kwa moto mudogo kuliko shaba, njo maana inapendwa. Lakini iko na ugonjwa. Ikiwa imeingiliwa na risasi, yaani ile madini nzito, hata kidogo sana, kisha miaka kitu kinavimba, kinapasuka chenyewe, kinageuka unga. Vitu vingi vya kuchezea vya zamani vilikufa hivyo. Dawa ilipatikana mwaka wa 1929, wakati kampuni ya New Jersey Zinc ilipotoa muchanganyiko wa zinki safi kabisa, unaoitwa zamak.

Plastiki nayo iko na ugonjwa wake. Ile ya rangi ya dhahabu, yenye kumeta, waliyoitumia zaidi miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990, inakuwa dhaifu sawa biskuti kavu. Hata kama haujaigusa. Mutu amenunua roboti, ameiacha ndani ya karatoni miaka 20 ili bei ipande, siku anaifungua na kukunja mukono mara ya kwanza: paa! imevunjika. Huyo hakucheza, na hakuchunga kitu vilevile.

Na bei? Mwaka wa 2019 Hasbro iliomba watu 8,000 walipe mbele, kila mumoja dola 575 hivi, ndipo itengeneze Unicron, roboti ya karibu sentimetre 70 inayogeuka sayari nzima. Siku ya mwisho ilifika, watu hawakutosha. Wakaongeza siku, wakapatikana. Wewe mama unayesoma, hesabu mifuko ya bunga inayoingia ndani ya pesa ile. Mimi sitamutetea papa anayeinunua wakati nyumbani hakuna chakula. Lakini yule aliyelisha watu wake kwanza, naona si mubaya kuliko jirani anayemaliza kiasi kile ku pombe.

Kinachonishangaza zaidi ni ile ya mwaka wa 2021, ya kampuni ya Robosen. Iko na mota 27 ndani. Unaiambia kwa mudomo geuka, nayo inageuka peke yake, kamio inasimama kuwa mutu, na mwenye kuinunua anakaa mikono juu ya magoti.

Nilipokuwa naandika haya, mutoto wangu wa miaka kumi alinisikia nikiyasoma kwa sauti. Siku mbili hakuonekana, na waya ya kamba ya nguo ikapotea pia. Sasa motokari yake inasimama, karibu. Magurudumu ya mbele yamekuwa mabega, ya nyuma miguu. Inaanguka upande wa kushoto. Anasema shida iko ku kiuno.